Shanga Zako na Mnunuzi Usiyemwona

Ndugu mkulima, wewe waijua vizuri miezi ya ukame wa mfuko. Mahindi yamepandwa mvua za masika zilipoanza, nayo hayatavunwa mpaka Agosti. Korosho hazianzi kuokotwa mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Lakini karo ya shule haingoji korosho, wala deni la shamba halingoji mahindi. Katika miezi hiyo nyumba nyingi za skimu hutafuta kazi ya pili, kazi isiyomtoa mtu shambani, ambayo wazee na vijana waweza kuifanya jioni chini ya mwembe.

Kazi moja ya namna hiyo ni kutunga shanga: vidani, bangili, vikuku na herini. Kutunga si jambo geni kwetu. Jambo geni ni kuuza. Siku hizi mtu wa Likoni au wa Mtwapa aweza kumwuzia mnunuzi aliye Nairobi, Dubai au London kwa simu yake ya mkononi. Mnunuzi huyo hatakuona, wala hatakigusa kitu chako kabla ya kukilipia. Wako waliofaidika kwa njia hii, na wako waliotia humo fedha za mbegu wakabaki na kapu la bangili zisizotakiwa na mtu. Tofauti yao mara nyingi si uhodari wa vidole. Ni hesabu, kipimo na uaminifu. Hayo ndiyo tutakayoeleza hapa.

Kazi ya tangu zamani

Katika pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, wachimbaji wa mambo ya kale walipata ushanga wa kome ya bahari uliotengenezwa na mkono wa mtu zaidi ya miaka 60,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka wa 2018. Baadaye sana vyombo vya bahari vilileta shanga za kioo kutoka ng'ambo, nasi tukazitumia kwa shingo, kwa kiuno na kwa biashara. Basi asikuambie mtu ya kuwa kazi hii ni ya kabila moja tu. Kila watu wa nchi hii wana rangi zao na mitungo yao, na mnunuzi wa mbali hutafuta hasa kitu chenye asili yake, wala si mwigo wa kitu cha jirani.

Serikali nayo imeitambua kazi hii. Mwaka wa 2017 ulianzishwa mpango wa Ushanga Kenya, wa kuwasaidia wanawake wa kaunti za wafugaji, kama Kajiado, Narok, Samburu na Turkana, kutengeneza mapambo yaliyo bora na kuyatafutia soko. Mpango ule haukuanzia kaunti zetu za pwani, lakini somo lake ni letu pia.

Tazama majirani wawili

Ukitoka Mtwapa kwenda Mombasa kwa barabara ya Malindi, kabla ya kufika daraja la Nyali utapita Bombolulu, katika bara ya kaskazini upande wa Kisauni. Hapo palianzishwa karakana mwaka wa 1969, chini ya chama cha walemavu wa viungo cha Kenya, kijulikanacho kwa herufi APDK. Watu ambao wengi waliwadhania kuwa mzigo wa jamaa zao walifundishwa kazi ya mapambo, ya mbao, ya ngozi na ya kushona. Walitengeneza vidani na herini kwa shaba, kwa mbegu na kwa vifuu vya nazi, navyo vikauzwa katika maduka ya ng'ambo yanayofuata biashara ya haki, yaani biashara ambayo mfanyakazi hulipwa ujira unaostahili. Hawakupata soko hilo kwa kuhurumiwa. Mtu hununua kwa huruma mara moja. Mara ya pili hununua kwa sababu kidani cha kwanza hakikukatika.

Jirani wa pili yuko Changamwe, katika barabara ya Port Reitz. Hapo ndipo wachongaji wa Kikamba walipofanya chama chao cha ushirika, miaka ile ya uhuru. Asili ya kazi yao yasimuliwa hivi: Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, aliona uchongaji wa vinyago huko Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi nyumbani akaufanya kazi, na wengine wakajifunza kwake. Mchongaji mmoja peke yake hawezi kujaza agizo la duka kubwa la ng'ambo. Wachongaji wengi walio chini ya daftari moja wanaweza. Tena, mihugu ilipopungua misituni kwa kukatwa sana, wachongaji wa pwani waligeukia miwarobaini na miembe iliyo katika mashamba ya wakulima. Zingatia neno hilo, kwa maana katika shamba lako pia mna vitu vya kutengenezea mapambo ambavyo leo wavitupa au kuvichoma moto.

Kwa nini usitegemee mtalii peke yake

Kwa miaka mingi mtu aliyetunga shanga kwetu alivuka Likoni, akaenda Diani, akazitandaza mchangani mbele ya watalii. Njia hiyo bado ipo, wala si mbaya. Lakini kumbuka mwaka wa 2020. Tarehe 25 Machi ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikuruhusiwa tena mpaka tarehe 1 Agosti. Kuanzia Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Kwale na Kilifi mpaka mapema Juni, na Mombasa mpaka mapema Julai. Ufuo ukawa mtupu. Aliyekuwa na wanunuzi wa mchangani tu alikosa wote kwa siku moja. Hata posta zilichelewa wakati ule, lakini mwenye majina ya wanunuzi wa Nairobi na Nakuru katika simu yake hakubaki bila mtu wa kumwuzia. Mkulima hapandi zao moja katika shamba zima, na muuzaji naye asiwe na soko moja.

Vifaa: jua unachonunua

Shanga ndogo za kioo huuzwa kwa namba, na namba hizo huwakosesha wengi. Namba ikiwa kubwa, ushanga ni mdogo. Shanga za namba 11 zina upana wa karibu milimita 2. Za namba 8, karibu milimita 3. Za namba 6, karibu milimita 4. Zile za Ucheki zinasifika tangu zamani. Ziko nyingine za bei nafuu ambazo hazilingani, na rangi ya baadhi yake huchujuka. Kabla ya kununua nyingi, nunua chache. Ziloweke nusu yake katika maji ya chumvi usiku mmoja, uzisugue kwa kitambaa cheupe, kisha uzilinganishe na nusu nyingine. Rangi ikitoka kitambaani, usizichukue. Jasho la shingo ni maji ya chumvi vilevile.

Uzi wa pamba haufai, maana huoza. Mshipi wa mvuvi ni imara, lakini fundo lake huteleza. Lifunge mara mbili na ulibane kwa kibano kidogo cha chuma. Waya mwembamba uliopakwa nailoni ni bora zaidi kwa vidani vizito. Uzi wa mpira ni rahisi kwa bangili, lakini hulegea, kwa hiyo mwambie mnunuzi ukweli kwamba bangili hiyo ni ya mpira.

Kulabu za herini na vishikizo ndivyo vinavyoleta malalamiko mengi. Madini ya nikeli huwawasha watu wengi ngozi, na nchi za Ulaya zina sheria ya kuweka mpaka wa nikeli, risasi na kadimi katika mapambo. Kama hujui chuma chako ni cha namna gani, usiandike kuwa ni fedha safi. Andika unalolijua tu.

Vitu vya shambani mwako

Kifuu cha nazi iliyokomaa ni mali. Kikwangue nyuzi zote, ukikate kwa msumeno mwembamba vipande vidogo, ukibane kipande katika jiliwa, ukitoboe kwa keekee. Kisha kisugue kwa msasa mkali, halafu wa kati, halafu laini, na mwisho ukipake nta ya nyuki. Funga kitambaa puani, kwa maana vumbi la kifuu huumiza kifua. Kifuu kilichong'arishwa vizuri, kikichanganywa na shanga chache za kioo, hutoa kidani ambacho hakifanani na kile cha kiwandani, na gharama yake kubwa ni jasho lako.

Mbegu kavu za miti nazo hutungwa, lakini hapa pana hatari. Mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mtipitipi ni nzuri machoni na ni sumu kali. Zikitobolewa ndipo hatari yake inapozidi, kwa sababu ganda ndilo linaloizuia sumu. Mtoto akitafuna moja aweza kufa. Mbegu za mbarika pia zina sumu. Usizitumie kabisa, hata mnunuzi akizitaka.

Tena, nchi nyingi hazikubali mbegu au vitu vya miti kuingia bila cheti cha afya ya mimea. Hapa Kenya cheti hicho hutolewa na KEPHIS. Uliza kabla ya kukubali agizo, wala si baada. Mifupa na pembe za ng'ombe hutengenezwa mapambo mazuri, lakini forodha za nchi nyingine ni kali juu ya vitu vya wanyama, kwa hiyo anza kuviuzia hapa nchini.

Na vitu hivi usiviguse: pembe za ndovu, magamba ya ng'amba, na marijani nyeusi. Biashara yake inakatazwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013, na mapatano ya mataifa ya mwaka wa 1973 yaweka masharti makali juu ya kuvipitisha mipakani. Kwa kome na kauri, nenda kwanza ofisi ya KWS ukaulize. Kidani kimoja kisikupeleke kortini.

Kipimo ndicho macho ya mnunuzi

Mnunuzi aliye mbele yako hujaribu bangili mkononi. Mnunuzi wa simu hawezi. Macho yake ni rula yako. Basi pima kila kitu kwa sentimita na uandike. Bangili ya mwanamke mzima mara nyingi huwa sentimita 17 au 18. Kidani cha kukaa chini kidogo ya koo huwa karibu sentimita 45. Pigilia misumari miwili ubaoni kwa umbali huo, ndipo kila kidani chako kitoke sawa na mwenzake.

Tuseme mama mmoja wa Likoni ameonyesha picha ya bangili moja nzuri. Duka moja la mbali likamwagiza 200 kama ile, zifike baada ya wiki tatu. Akafurahi, akakubali. Peke yake aweza kutunga 60. Zilizobaki akazigawa kwa majirani bila kuwapa kiolezo. Mmoja akatumia shanga za namba 8, mwingine namba 11; hii ikawa sentimita 16, ile 20; na nyekundu ya dukani ilipokwisha, mmoja akatia ya machungwa. Mwenye duka akazikataa 140, na yule mama akabaki na deni la shanga na deni la majirani. Mikono yote ile ilikuwa hodari. Kilichokosekana ni kiolezo kimoja kilichotundikwa ukutani, na ujasiri wa kusema, "Naweza 60 kwa wiki tatu, na nyingine baadaye."

Mkulima wa korosho anajua jambo hili. Gunia moja likichanganywa, gredi ya kwanza na ya pili, hulipwa lote kwa bei ya pili.

Hesabu kabla ya kutaja bei

Wengi hutazama bei ya shanga tu, wakadhani mengine yote ni faida. Twaa kalamu tufanye hesabu ya kidani kimoja. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe tia zako.

Shanga, Sh. 120. Mshipi na kishikizo, Sh. 40. Bahasha na kikaratasi cha jina, Sh. 30. Sehemu ya nauli ya kwenda mjini kununua shanga, Sh. 25. Sehemu ya gharama ya intaneti ya simu, Sh. 15. Shanga zilizovunjika na zenye kasoro, Sh. 20. Jumla ya vifaa ni Sh. 250. Sasa kazi: saa 3, kwa Sh. 80 kila saa, ni Sh. 240. Kidani hicho kimekugharimu Sh. 490.

Ukikiuza kwa Sh. 400 utasema, "Shanga zilikuwa 120, nimepata 280." Sivyo. Ukitoa vifaa, umebaki na Sh. 150 kwa saa 3, yaani Sh. 50 kwa saa. Ulitaka kujilipa Sh. 80, ukajipunja mwenyewe. Ukikiuza kwa Sh. 600 umelipa vifaa, umejilipa kazi yako, na Sh. 110 zabaki za kununua shanga nyingine.

Lakini lipo jambo jingine. Mwenye duka akitaka kununua vidani 20, huenda akataka kulipa nusu ya bei unayotangaza, ili naye apate chake. Nusu ya Sh. 600 ni Sh. 300. Hapo utabaki na Sh. 50 kwa kazi ya saa 3. Kwa hiyo weka bei mbili tangu mwanzo: bei ya jumla inayokutosha wewe, na bei ya rejareja iliyo juu yake. Mwenye duka asikukute ukiuza rejareja kwa bei yake ya jumla, maana hatarudi.

Duka la simu

Wahenga wamesema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni Kongowea neno hilo ni kweli. Katika intaneti hata kizuri hakina budi kutembezwa, kwa sababu kimelala pamoja na vizuri elfu. Kinatembezwa kwa picha na kwa maneno.

Picha ipigwe mchana, karibu na mlango, mahali pasipo jua kali, bila taa ya simu. Tandika kitambaa cheupe au mkeka usio na nakshi. Kanga yenye maua huyameza mapambo. Piga picha moja ya kitu kizima, moja ya kishikizo kwa karibu, na moja kikiwa shingoni au mkononi mwa mtu, ili ukubwa wake uonekane. Usiing'arishe picha mpaka rangi ikageuka. Usichukue picha ya kazi ya mtu mwingine. Ni wizi, na mnunuzi atakapopokea kitu kisichofanana na picha, jina lako limekwisha.

Maneno yawe machache na ya kweli: ni kitu gani, cha vifaa gani, urefu kiasi gani, bei gani, na kitachukua siku ngapi. Eleza pia ni nani aliyekitengeneza na wapi. Mnunuzi wa mbali hupenda kujua kwamba kifuu kile ni cha mnazi wa shamba lako mwenyewe. Lakini usitunge hadithi ya kuhuzunisha ili upate fedha.

Kwa mwanzo, WhatsApp, Facebook na Instagram zatosha, nazo hazidai kodi ya duka. Yako pia masoko makubwa ya intaneti ya kazi za mkono. Etsy, lililoanzishwa Marekani mwaka wa 2005, hutoza senti 20 za dola kwa kila tangazo, na tangu Aprili 2022 hutoza asilimia 6.5 ya bei pamoja na gharama ya kupeleka. Kwa mauzo ya dola 20 hiyo ni dola 1.50, bila kuhesabu ada ya kupokea malipo. Kabla hujajaza fomu katika soko lolote la namna hiyo, hakikisha kwamba linakubali kumlipa muuzaji aliye Kenya, na fedha zitakufikia kwa njia gani. Si yote yanayokubali.

Fedha mkononi kwanza

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, kulipana humu nchini kumekuwa kwepesi, na ulaghai nao umekuwa mwepesi. Mtu aweza kukuletea ujumbe wa uongo unaofanana kabisa na ule wa kweli. Usitazame ujumbe, tazama salio lako mwenyewe. Mtu akisema, "Nimetuma kwa makosa, nirudishie," usimrudishie wewe kwa mkono wako. Mwambie apeleke maombi kwa kampuni ya simu. Namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata ajitambulishe kuwa nani.

Kwa agizo kubwa omba nusu ya malipo kabla ya kuanza, na nusu kabla ya kupeleka. Mnunuzi mwema hakasiriki kwa jambo hilo. Mtu anayekulipa zaidi ya bei, kisha akataka umrudishie kilichozidi, ni mwizi, mwache.

Kupeleka mzigo

Kama wakaa Shimba Hills, safari ya posta kubwa ya Mombasa ni safari ya kuvuka Likoni. Apandaye feri kwa miguu halipi, lakini matatu hulipwa na siku hupotea. Basi chagua siku moja katika wiki, upeleke vifurushi vyote pamoja, na umwambie mnunuzi siku hiyo tangu mwanzo. Funga kitu katika kitambaa laini, kisha katika kisanduku kigumu. Chukua risiti yenye namba, uipige picha, umpelekee mnunuzi.

Kifurushi cha nchi za nje hutiwa fomu ya forodha. Kwa vitu vidogo ni ile iitwayo CN22. Andika thamani ya kweli. Na fahamu jambo hili: kuanzia tarehe 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa ule msamaha wa ushuru uliokuwa ukipewa vifurushi vya thamani isiyozidi dola 800. Wako wauzaji waliopanga bei zao kwa kutegemea msamaha ule. Sheria za namna hii hubadilika, kwa hiyo ulizia posta kabla ya kumtajia mnunuzi bei, na mwelewane wazi ni nani atakayelipa ushuru.

Fanyeni kwa umoja

Tumeona Changamwe na Bombolulu ya kuwa nguvu ni ya wengi. Watu wa skimu moja waweza kununua shanga pamoja kwa bei ya jumla, kutumia simu moja nzuri yenye kamera, na kupeleka mzigo kwa nauli moja. Lakini umoja usio na daftari huvunjika. Kila mtungaji apewe namba, na namba hiyo ifungwe katika kila kitu chake, ili kikiuzwa alipwe yeye, na kikirudishwa kirudi kwake. Mkague awe mtu mwingine, si yule aliyekitunga. Anayejibu simu asiwe ndiye anayeshika fedha. Kila mwezi hesabu zisomwe mbele ya wote. Mkitaka kuandikisha chama, nendeni kwa afisa wa ushirika wa kaunti. Kazi yake ni kuwaonyesha njia.

Neno la mwisho

Usianze kwa fedha za mbegu wala za mkopo wa shamba. Anza kwa kiasi ambacho ukikipoteza chote, watoto watakula vilevile. Tunga bangili 10 za namna moja, kwa kipimo kimoja. Waonyeshe jamaa na marafiki walio mbali. Zikiisha, andika katika daftari zilichukua siku ngapi na zilileta kiasi gani baada ya gharama zote. Zisipoisha, uliza sababu kabla hujanunua shanga nyingine.

Tena usiache jembe. Wiki ya kupalilia ikifika, mwandikie mnunuzi kwamba kazi itachelewa siku saba kwa kuwa mko shambani. Aliyezoea kukuona mkweli atangoja. Yule mtu wa London hajui sura yako, wala hatakuja Likoni kukutafuta. Anajua jambo moja tu: kwamba uliandika sentimita 45, naye alipopima, akazikuta 45. Kwa hilo ataagiza tena, na karo ya muhula wa pili itapatikana kabla mahindi hayajakauka.